Satchel Paige: Aliuza mkono wake nchi hadi nchi, pensheni ikakwama kwa siku 158

Na Mwandishi Wetu

LEROY ‘Satchel’ Paige alikuwa na bidhaa moja ya kuuza, nayo ni mkono wake wa kulia. Kwa miaka 40 aliuuza kwa timu za besiboli za Marekani, Kuba, Jamhuri ya Dominika, Mexico na Puerto Rico. Mara nyingine aliuuza kwa msimu mzima, mara nyingine kwa siku moja, na mara nyingi bei alipanga mwenyewe. Alipofariki dunia mwaka 1982 akiwa na miaka 75, alikuwa mmoja wa wanamichezo weusi waliofahamika zaidi nchini mwake.

Hata hivyo, uzeeni alijikuta na tatizo ambalo mtu yeyote anayetafuta riziki ng’ambo ya mpaka atalielewa. Kazi aliyoifanya ilionekana na maelfu ya watu, lakini haikuandikwa katika daftari la mtu yeyote aliyepaswa kumlipa pensheni.

Besiboli haina mashabiki wengi katika nchi zetu, hivyo tuieleze kidogo. Mrushaji husimama umbali wa mita 18 hivi kutoka kwa mpigaji mwenye rungu na kumrushia mpira. Mpigaji akikosa mara tatu, anatoka. Wakitoka watatu, zamu inahamia timu nyingine, na mchezo mzima una awamu tisa. Mrushaji mmoja hodari anaweza kuibeba timu ya kawaida hadi ushindi, na hapo ndipo bei yake inapopanda.

Mchukuzi wa mikoba

Paige alizaliwa Julai 7, 1906 katika mji wa bandari wa Mobile, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa mtunza bustani. Mama yake, Lula, alifulia watu nguo. Nyumba ilikuwa na watoto wengi na fedha kidogo, kwa hiyo Leroy alianza kutafuta senti akiwa bado mdogo.

Alikwenda stesheni ya treni kubebea abiria mizigo. Kwa kuwa malipo yalihesabiwa kwa kila mkoba, alitafuta mti na kamba akawa ananing’iniza mikoba kadhaa kwa safari moja. Wenzake wakamtania kwamba amegeuka mti uliozaa mikoba, wakamwita Satchel, neno la Kiingereza lenye maana ya mkoba. Jina hilo likamganda maisha yake yote.

Mwaka 1918, akiwa ametimiza miaka 12 tu, alikamatwa kwa wizi wa vitu vidogo dukani na utoro shuleni. Akapelekwa katika shule ya maadilisho ya watoto weusi huko Mount Meigs, Alabama, na hakutoka hadi Desemba 1923. Ni adhabu nzito kwa kosa la aina hiyo, lakini huko ndiko alikokutana na kocha Edward Byrd. Byrd alimfundisha kuinua mguu juu kabisa kabla ya kurusha, hadi mpigaji asiweze kuona vizuri mpira unatokea wapi.

Paige alipotoka alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye mpira wa kasi na shabaha isiyo ya kawaida. Baadaye alizoea kupasha misuli kwa kurusha mpira juu ya karatasi ya jojo iliyowekwa chini, ili watu waone hakosei.

Ligi ndogo ya watu weusi

Tangu mwishoni mwa karne ya 19, wamiliki wa timu za Marekani walikuwa wamekubaliana bila kuandika popote kwamba mchezaji mweusi hasajiliwi. Katazo hilo halikuishia kwenye ligi kubwa mbili. Lilishuka hadi kwenye ligi ndogo za mikoani, ambako vijana wazungu walijifunzia kazi. Watu weusi wakaunda ligi zao.

Paige alianzia chini. Mwaka 1926 alisajiliwa na timu ya Chattanooga katika Negro Southern League, ligi ndogo ya kusini. Mshahara ulikuwa dola 250 kwa mwezi, lakini mkononi alipewa dola 50 na zilizobaki zilitumwa kwa mama yake. Mwaka uliofuata mkataba wake uliuzwa kwa Birmingham Black Barons, na akapanda ligi ya juu.

Huko Birmingham ndiko alikojifunza somo la biashara lililoongoza maisha yake. Mmiliki wa timu aliona kuwa mashabiki wanamiminika Paige anaporusha, akaanza kumkodisha kwa timu nyingine kwa mechi moja moja, kisha wakagawana mapato. Paige akaelewa kwamba ikiwa mtu mwingine anaweza kumkodisha, yeye mwenyewe anaweza pia.

Majira ya baridi ya mwaka 1929 alivuka bahari kwenda Kuba kuchezea Santa Clara. Mwaka 1931 alitua Pittsburgh Crawfords, timu ya Gus Greenlee, tajiri aliyepata fedha zake kwenye bahati nasibu haramu na mgahawa maarufu mjini humo. Greenlee alijenga uwanja wake mwenyewe na kukusanya nyota, akiwamo mpigaji Josh Gibson. Ilikuwa miongoni mwa timu kali zaidi zilizowahi kuonekana katika ligi za watu weusi.

Lakini Paige hakukaa. Mwaka 1933 aliondoka katikati ya msimu kwenda Bismarck, mji mdogo wa North Dakota, ambako muuza magari Neil Churchill alikuwa na timu iliyochanganya weusi na wazungu. Alirudi tena huko mwaka 1935, na timu hiyo ikashinda mashindano ya kwanza ya taifa ya timu za nusu-kulipwa mjini Wichita, Kansas. Malipo yake yalijumuisha gari.

Wenye timu walimlalamikia kwamba haheshimu mikataba, na walikuwa na hoja. Yeye naye alikuwa na yake. Mikataba ya ligi hizo ilikuwa dhaifu pande zote mbili. Timu ikikosa fedha, mchezaji hakulipwa, na hakukuwa na mahali pa maana pa kudai. Katika miji mingi mchezaji mweusi hakuruhusiwa kulala hotelini wala kula mgahawani, akabaki kulala ndani ya gari na kupika samaki kwenye jiko la mkononi. Paige alipopata jina, aliweka sharti la kutocheza katika mji usiompa chakula na malazi.

Fedha za Trujillo

Safari yake iliyovuma kuliko zote ilikuwa ya mwaka 1937. Jamhuri ya Dominika ilitawaliwa na Jenerali Rafael Trujillo, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameubadilisha mji mkuu, Santo Domingo, ukaitwa Ciudad Trujillo. Timu yenye jina hilo haikuweza kuachwa ishindwe. Wapinzani wake, Estrellas Orientales ya San Pedro de Macorís na Águilas ya Santiago, nao walikuwa wakileta wachezaji kutoka nje.

José Enrique Aybar, msimamizi wa timu ya mji mkuu, alimfuata Paige New Orleans, ambako Crawfords walikuwa kambini. Kwa maelezo ya Paige mwenyewe, aliwekewa benki dola 30,000 ili ajilipe yeye na wenzake wanane atakaowashawishi, ugawaji ukiwa juu yake. Alijitengea dola 6,000. Gibson na wengine kadhaa wa Crawfords wakamfuata. Siku hiyo Paige hakuwa mchezaji tu. Alikuwa dalali.

Kilichowasubiri hakikuwa likizo. Paige alisimulia kwamba askari wenye bunduki walisimama kandokando ya uwanja, na kwamba wachezaji walilindwa usiku kucha ili wasiende kustarehe. Ciudad Trujillo ikatwaa ubingwa, na Wamarekani wakafunga safari kurudi kwao haraka.

Gharama ya msimu ule ilikuwa kubwa kiasi kwamba ligi ya kulipwa ya nchi hiyo ilisimama kwa zaidi ya miaka kumi. Na Oktoba mwaka huohuo majeshi ya Trujillo yaliwaua maelfu ya Wahaiti waliokuwa wakiishi na kufanya kazi upande wa Dominika, hasa karibu na mpaka. Wachezaji walikwishaondoka, lakini fedha walizolipwa zilitoka kwenye utawala huo.

Marekani nako kulikuwa na wa kulipa gharama. Crawfords, iliyobaki bila nyota wake, haikusimama tena kama zamani, na uwanja wa Greenlee ukavunjwa mwaka 1938. Ligi iliwafungia watoro wote. Wao wakaunda timu ya kuzunguka, wakabeba jina la Trujillo, na kushinda mashindano makubwa ya Denver mwaka 1937. Wengi walisamehewa baada ya muda, kwa sababu bila wao viwanja havikujaa.

Bidhaa inapoharibika

Mwaka 1938 Greenlee aliuza mkataba wa Paige kwa Newark Eagles kwa dola 5,000. Paige hakwenda Newark. Alikwenda Mexico, ambako wafanyabiashara walikuwa wakijenga ligi kwa mishahara mikubwa. Greenlee akatangaza kuwa amemfungia maisha.

Huko Mexico mkono ulikufa. Bega lilianza kuuma, kisha maumivu yakawa makali kiasi cha kushindwa kuunyanyua. Daktari alimwambia hatarusha tena. Alikuwa na miaka 32, hana akiba ya maana, hana kazi nyingine aliyojifunza, na wamiliki wote aliowakimbia hawakupokea simu zake.

Aliyempokea ni J. L. Wilkinson, mmiliki mzungu wa Kansas City Monarchs, timu ya watu weusi. Wilkinson alikuwa mtu wa hesabu. Mwaka 1930 alikuwa ameanza kubeba taa kwenye malori na kuchezesha mechi usiku, miaka mitano kabla ya ligi kubwa kufanya hivyo. Alijua kwamba hata kama mkono umekufa, jina bado linauzika. Akamweka Paige kwenye kikosi cha pili kilichozunguka miji midogo, ambako alirusha awamu mbili tatu za polepole na watu wakalipa viingilio kumwona tu.

Kwa miezi kadhaa walipiga safari hizo huku mchua misuli wa timu akimshughulikia bega. Siku moja mwaka 1939 mpira ukatoka mkononi bila maumivu, na kasi ikaanza kurudi. Alikuwa amelazimika kujifunza ujanja mwingi asiouhitaji zamani: mipira ya polepole, ya kupinda, na ule wa kusita, ambapo mkono ulichelewa kidogo baada ya mguu kutua na mpigaji akayumba kabla ya wakati.

Majira ya baridi ya 1939 hadi 1940 alikwenda Guayama, Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani. Alishinda mechi 19, akapoteza tatu, na kuwatoa wapigaji 208 kwa kukosa mpira, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Bidhaa iliyotangazwa kuoza ilikuwa sokoni tena.

Miaka ya 1940 ilikuwa ya mavuno. Wilkinson alimlipa asilimia ya mapato ya mlangoni, na Paige akawa miongoni mwa wachezaji wenye kipato kikubwa zaidi nchini, weusi kwa wazungu. Mwaka 1942 Monarchs waliwashinda Homestead Grays katika fainali ya ligi za weusi. Katika moja ya mechi hizo Paige alimkabili rafiki yake wa zamani Gibson vituo vyote vikiwa na watu, akamtoa kwa mipira mitatu. Kila msimu ulipokwisha alizunguka na kucheza dhidi ya nyota wazungu kama Dizzy Dean na Bob Feller, na kwenye mechi hizo watu waliona kwa macho yao kwamba tofauti ya rangi haikuwa tofauti ya uwezo.

Mlango wafunguliwa, amechelewa

Mwaka 1945 Brooklyn Dodgers walimsajili Jackie Robinson, kijana wa Monarchs, bila kuilipa Monarchs chochote. Robinson alianzia ligi ndogo, Montreal nchini Kanada, kisha akaingia ligi kubwa mwaka 1947. Paige aliumia. Kwa miaka 20 ndiye aliyekuwa sura ya besiboli ya watu weusi, na sasa alionekana mzee mno.

Hakuna aliyejua umri wake kwa hakika. Yeye mwenyewe alipenda kusimulia kwamba tarehe iliandikwa ndani ya Biblia ya familia na mbuzi akaila. Cheti kilichopo Mobile kilionyesha mwaka 1906. Kwa hiyo Julai 7, 1948, siku Bill Veeck alipomsajili Cleveland Indians, alikuwa anatimiza miaka 42.

Waliodhani ni kichekesho cha kuuza tiketi walikuwa sahihi nusu. Tiketi ziliuzika kweli: mechi tatu alizoanza Agosti mwaka huo zilihudhuriwa na watu zaidi ya 200,000. Lakini pia alishinda mechi sita na kupoteza moja, timu ikatwaa ubingwa wa Marekani, na akawa mrushaji wa kwanza mweusi kucheza katika fainali hizo. Mpira wake wa kusita ulipigwa marufuku na uongozi wa ligi.

Aliachwa mwishoni mwa 1949, akamfuata Veeck St. Louis Browns mwaka 1951, na akachaguliwa kwenye timu ya nyota mwaka 1952 na 1953. Kisha ligi kubwa ikafunga mlango.

Miaka 50, ligi ndogo

Ndipo Paige akaingia katika ligi ndogo rasmi, zilezile zilizomkatalia ujanani. Mwaka 1956, akiwa na miaka 50, alijiunga na Miami Marlins ya International League. Ligi hiyo ilistahili jina lake, kwani ilikuwa na timu za Havana, Montreal na Toronto. Veeck, aliyekuwa akisaidia kuiendesha timu, alimteremsha uwanjani kwa helikopta siku ya ufunguzi.

Baada ya maonyesho ikaja kazi. Msimu wa kwanza alishinda mechi 11 na kupoteza nne. Agosti 7, 1956 zaidi ya watu 57,000 walijaa uwanja wa Orange Bowl kumwona akiishinda Columbus, rekodi ya mahudhurio ya ligi ndogo kwa wakati huo. Katika miaka mitatu ya Miami alishinda mechi 31 na kupoteza 22, akicheza na vijana ambao wengi wangeweza kuwa watoto wake.

Aliendelea kuuza alichobakiwa nacho: mechi chache Portland mwaka 1961, na Septemba 1965 awamu tatu kwa Kansas City Athletics akiwa na miaka 59. Mwenye timu alimwekea kiti cha kubembea na muuguzi pembeni ili watu wacheke. Paige akaruhusu mpira mmoja tu kupigwa vizuri katika awamu zote tatu. Mechi yake ya mwisho rasmi ilikuwa ya ligi ndogo, kwa Peninsula Grays, mwaka 1966.

Siku 158

Mfuko wa pensheni wa besiboli ulihesabu siku za kuwa kwenye orodha ya timu za ligi kubwa tu. Chattanooga, Birmingham, Pittsburgh, Bismarck, Ciudad Trujillo, Guayama, Kansas City, Miami: kwa hesabu za mfuko, yote hayo ni sifuri. Miaka 22 kabla ya Cleveland ilifutika. Paige, mume na baba wa familia kubwa, alikuwa amepungukiwa siku 158.

Timu kadhaa zilikataa kumchukua. Mwaka 1968 Bill Bartholomay, mmiliki wa Atlanta Braves, alimwajiri kama mshauri wa timu ili siku zitimie, na zikatimia mwaka 1969. Hivyo haki ya mtu aliyewajazia wengine viwanja kwa miaka 40 ilipatikana kwa hisani ya mwajiri mmoja, na haikutoka kwenye kanuni.

Mwaka 1971 aliingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli, wa kwanza kuchaguliwa kwa kazi ya ligi za watu weusi. Mpango wa awali ulikuwa kumweka katika sehemu ya pembeni. Watu wakapiga kelele, na akapewa heshima kamili kama wengine. Alifariki nyumbani kwake Kansas City Juni 8, 1982.

Desemba 2020 uongozi wa besiboli ya Marekani ulitangaza kwamba ligi saba za watu weusi za 1920 hadi 1948 zilikuwa ligi kubwa, na mwaka 2024 takwimu zake zikaingizwa katika kitabu rasmi. Mechi za Paige za Birmingham, Pittsburgh na Kansas City sasa zinahesabiwa. Za nje ya mpaka bado. Mechi 19 alizoshinda Guayama hazimo, ubingwa wa Ciudad Trujillo haumo, na mwaka ule wa Mexico uliomvunja bega haumo.